Maswali ya wasomaji: Jicho moja linapochelewa kumfuata mwenzake

Safari hii tumekusanya barua za macho yanayokataa kwenda pamoja: kuona viwili, kuona dunia ikicheza, jicho linalouma likigeuzwa. Wengi mnauliza kama hizo ni dalili za multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mayelini, yaani ala ya mafuta inayovika nyuzi za fahamu za ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Kwa baadhi yenu jibu ni ndiyo, au huenda. Kwa wengi ni hapana, na mara nyingi tofauti huonekana kabla ya kipimo chochote cha gharama. Majina ya walioandika hatukuyaweka.

Nimebadilisha miwani mara mbili, bado naona viwili

*Ni mwalimu wa sekondari, Tanga, nina miaka 27. Mwezi wa pili nilianza kuona viwili kila nikigeuza macho haraka kutoka ubaoni kuangalia wanafunzi walio kushoto. Nikitulia kidogo vinaungana. Nilipimwa miwani mara mbili, nikalipia lenzi mbili, hakuna kilichobadilika. Baada ya wiki tano hali ikaisha yenyewe. Nimeambiwa ulikuwa uchovu. Je, nisahau?*

Usisahau, Mwalimu. Kule kuisha kwenyewe ndiko kunakotutia shaka. Kasoro ya miwani haiji kwa wiki tano ikaondoka, na uchovu hauchagui kushoto peke yake.

Kuna swali moja linalopaswa kutangulia lenzi yoyote: ulipokuwa ukiona viwili, ukifumba jicho moja ilikuwaje? Kama picha ya pili ilibaki hata kwa jicho moja, tatizo limo ndani ya jicho hilo: lenzi iliyoanza ukungu, uso wa jicho uliokauka, au namba ya miwani. Kama picha ya pili ilipotea ukifumba jicho lolote kati ya mawili, basi kila jicho linaona vizuri peke yake ila hayaelekei mahali pamoja. Hapo hata ukinunua lenzi kumi utaendelea kuona viwili, tofauti ni kwamba vyote vitakuwa safi.

Maelezo yako yanafanana sana na hali ambayo kwenye faili utaikuta kwa herufi INO. Ukiangalia kushoto, misuli miwili inavuta kwa amri moja: wa nje wa jicho la kushoto na wa ndani wa jicho la kulia. Amri inatoka kwenye kiini cha neva ya sita, ile inayoendesha msuli wa nje wa jicho, upande wa kushoto wa shina la ubongo. Inavuka kwenda kulia, kisha inapanda kwa njia nyembamba ya nyuzi hadi kwenye kiini cha neva ya tatu kinacholivuta jicho la kulia liingie ndani. Njia hiyo inaitwa MLF. Iko moja kila upande, karibu kabisa na mstari wa katikati, na imevikwa mayelini nene kwa sababu macho mawili lazima yafike pamoja. Mayelini ikiharibika hapo, si lazima amri ikatike. Inaweza kuchelewa tu. Jicho la kushoto limeshafika, la kulia bado liko njiani, na kwa muda huo mfupi unaona wanafunzi wawili penye mmoja.

Ikirudi, mwombe mtu akupime nyumbani. Kaa naye uso kwa uso, umbali wa mkono, na kichwa chako kisigeuke. Ikibidi mtu wa tatu akushike kidevu. Mpimaji ashike kalamu mbili, moja usawa wa pua yako na ya pili pembeni kushoto kwako, kama urefu wa rula kutoka ya kwanza. Akisema "kushoto" rusha macho kwenye kalamu ya pembeni, akisema "kati" yarudishe. Mrudie mara kumi. Yeye asiangalie kalamu, aangalie macho. Kwenye INO ya upande wa kulia ataona jicho la kushoto likiruka na kufika mara moja, kisha likitikisika mara mbili tatu pale mwisho, huku la kulia likijivuta nyuma yake au likikomea njiani. Halafu alete kalamu polepole hadi karibu na ncha ya pua yako. Mara nyingi jicho lile lile lililogoma kuingia ndani sasa litaingia bila shida, kwa sababu amri ya kuangalia kitu cha karibu hupita njia nyingine. Msuli ni mzima basi. Kilichoharibika ni njia ya kuufikia.

Kosa linalofanyika sana kwenye vyumba vya madaktari ni kumwambia mgonjwa afuate kidole kinachokwenda polepole. INO nyepesi hujificha hapo, kwa kuwa jicho linalochelewa linapewa muda wa kufika. Omba upimwe kwa kurusha macho haraka. Na kwa kuwa hali inaweza kuisha kabla ya siku ya kliniki, rekodi kwa simu penye mwanga wa kutosha, kwa mwendo wa polepole kama simu yako inao. Video ya sekunde 20 inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Je, ni MS? Mwaka 2005 daktari James Keane wa Los Angeles alichapisha hesabu ya wagonjwa 410 wa INO. Kiharusi kilikuwa asilimia 38, MS asilimia 34, na asilimia 28 walikuwa na mambo mengine: majeraha ya kichwa, maambukizi, uvimbe wa ubongo na mengineyo. Umri unasaidia kutenganisha. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, upande mmoja tu, hufikiriwa kiharusi kwanza. Kwa mtu wa miaka 20 hadi 40, hasa ikiwa macho yote mawili yanachelewa, MS inapanda juu ya orodha, na wanawake huipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Huku kwetu karibu na ikweta MS ni adimu kuliko Ulaya, lakini uadimu huo ndio unaofanya isifikiriwe kabisa. Kabla ya kuitaja, hata hivyo, lazima kwanza tuondoe yale yaliyo mengi hapa: VVU, kifua kikuu cha utando wa ubongo, kaswende iliyofika kwenye ubongo, upungufu wa vitamini B12.

Kwa hiyo omba rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kipimo kinachotakiwa ni MRI ya ubongo na shingo, pamoja na dawa ya kung'arisha ya gadolini, na kwenye fomu iandikwe "shina la ubongo, vipande vyembamba, visizidi milimita 3". Bila maneno hayo kovu dogo la MLF linaweza kuangukia kati ya vipande viwili likapotea. Usikubali jibu la kipimo cha CT kuwa ndilo la mwisho. CT inaona damu na uvimbe mkubwa, makovu ya MS mara nyingi haiyaoni. Baada ya MRI unaweza kuombwa maji ya uti wa mgongo ili itafutwe mistari ya protini iitwayo oligokloni.

Nenda na karatasi yenye tarehe. MS hutambuliwa kwa ushahidi kwamba ugonjwa umegusa zaidi ya sehemu moja na, kwa kawaida, zaidi ya mara moja, kwa hiyo jambo la miaka mitatu iliyopita ulilolisahau linaweza kuwa ndilo linalokamilisha picha. Andika kama uliwahi kupata ganzi ya mguu au ya kiuno iliyokaa siku kadhaa, jicho kuona ukungu, mkojo wa kukimbilia, au kama umeme kupita mgongoni ukiinamisha shingo.

Baba ameamka anaona viwili

*Baba ana miaka 61, ana kisukari cha muda mrefu. Jana kaamka anaona viwili na kope la jicho la kulia limeshuka. Tupo Bukoba. MS huwapata wazee pia?*

Wachache sana huanza MS katika umri huo. Chukueni tochi mwangalie mboni zake sasa hivi. Kama mboni ya jicho lenye kope lililoshuka ni kubwa kuliko ya pili, au ana maumivu makali ya kichwa, au mdomo umepinda, au mkono umelegea, ni hospitali leo hii, si kesho asubuhi. Mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa unaweza kuwa unaibana neva ya tatu, ile inayoinua kope na kusinyaza mboni, na mshipa huo ukipasuka unaua. Anayesoma haya na ana mgonjwa wa namna hiyo asimalize ukurasa.

Kama mboni ni sawasawa na mwitikio wake kwa mwanga ni mzuri, kwa mwenye kisukari mara nyingi neva imekosa damu kwa mishipa midogo kuziba. Huanza kurudi yenyewe na kwa kawaida inapona ndani ya miezi 3. Bado aonwe na daktari siku hiyo hiyo, apimwe sukari na presha.

Na kama kope linashuka jioni na asubuhi liko juu, wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya kope lililofumbwa kwa dakika 2. Likipanda wazi baada ya hapo, mwambieni daktari, kwa sababu hilo linaelekeza kwenye maisthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka. Maisthenia inaweza kuiga karibu kila kasoro ya mwendo wa macho, ikiwemo ile ya Mwalimu wetu wa Tanga. Mboni tu ndiyo haiigusi.

Prednisoloni kutoka duka la dawa

*Mke wangu ana miaka 31, tupo Dodoma. Jicho la kushoto lilianza kumuuma kila akiligeuza. Siku ya tatu akaona ukungu katikati, na kitenge chake chekundu kwa jicho hilo anakiona kimepauka. Duka la dawa walimpa prednisoloni ya miligramu 5, kimoja kutwa mara tatu. Hii ni wiki ya pili, bado haoni vizuri. Tuongeze?*

Msiongeze, ndugu yetu, nendeni hospitali. Ila asiziache ghafla kwa uamuzi wenu. Nendeni na pakiti mkononi.

Ulichokieleza ni picha ya neva ya jicho iliyovimba: maumivu jicho likigeuzwa, uoni unaoshuka kwa siku chache, katikati kukiwa na ukungu, na rangi nyekundu inayofifia. Mnaweza kuhakikisha na kizibo chekundu cha soda. Akifumba jicho bovu akiangalie kwa zima, kisha abadilishe, aseme kwa jicho bovu wekundu umebaki shilingi ngapi kama kwa jicho zima ni shilingi mia. Akisema sitini au arobaini, neva ina kasoro hata kama bado anasoma herufi za ukutani. Daktari naye atarusha tochi kutoka jicho moja hadi jingine, akipumzika sekunde mbili tatu kila upande. Mwanga ukihamia kwenye jicho bovu, mboni zote mbili zitatanuka badala ya kusinyaa, maana ubongo unapokea mwanga kidogo kutoka upande ule.

Sasa dawa. Mwaka 1992 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha wagonjwa 457 wa ugonjwa huu hasa. Waliopewa methilprednisoloni ya mshipani, gramu 1 kwa siku kwa siku 3, kisha vidonge kwa siku 11, walirudisha uoni haraka zaidi, ingawa mwishoni hawakuona vizuri kuliko wengine. Waliopewa vidonge vya prednisoni peke yake, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, hawakupata nafuu ya ziada na ugonjwa uliwarudia mara nyingi zaidi. Mke wako anameza miligramu 15 kwa siku, kiasi kilicho chini hata ya hicho kilichoshindwa. Kufikia nguvu ya gramu 1 ya mshipani kwa njia ya mdomo hutakiwa takriban miligramu 1,250 za prednisoni kwa siku. Kwa vidonge vya miligramu 5 ni vidonge 250. Yapo matibabu ya namna hiyo kwa vidonge vikubwa, chini ya daktari bingwa. Msijaribu kuhesabu nyumbani.

Kabla ya dripu hizo kuna mambo matatu ambayo mazingira yetu yanayadai. La kwanza ni sukari na presha, kwa sababu steroidi, yaani kundi la dawa kama prednisoloni, kwa dozi kubwa hupandisha vyote viwili. La pili ni picha ya kifua na kipimo cha VVU, ili kifua kikuu kilicholala kisiamshwe. La tatu husahaulika: minyoo ya strongiloidi, ambayo humpata anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu. Kinga ikishushwa minyoo hii husambaa mwili mzima na inaweza kuua. Madaktari wengi hutoa ivermektini mapema badala ya kusubiri majibu ya choo ambayo mara nyingi hayaoni mdudu.

Kuhusu MS: wagonjwa wa jaribio lile walifuatiliwa miaka 15. Nusu yao walipata MS. Ambao MRI ya mwanzo haikuwa na kovu hata moja ubongoni, ni asilimia 25. Waliokuwa na kovu moja au zaidi, asilimia 72. Wengi wao walikuwa wanawake Wazungu, basi tarakimu hizo zichukuliwe kama mwelekeo. Kwetu kuna ugonjwa mwingine wa kuangaliwa kwa makini uitwao NMO, ambapo kinga inashambulia protini ya akwaporini-4. Kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004, na watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko Wazungu. NMO hulipiga jicho hadi giza, au hupiga macho yote mawili, na nafuu yake ni ndogo. Huweza kuja na miguu kupooza, au kwikwi na kutapika kwa siku nyingi bila sababu ya tumbo. Mgonjwa huzungushwa kwa daktari wa tumbo mpaka jicho linazimika. Damu ya mkeo ipimwe kingamwili ya akwaporini-4 na ya MOG (protini ya juu ya mayelini), hasa kama hapati nafuu. Tofauti hiyo si ya kitabuni, kwa sababu baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, fingolimodi na natalizumabu, zinaweza kuizidisha NMO. Na kama steroidi ya mshipani haikumsaidia, ipo njia ya kuchuja plazima, yaani maji ya damu, ambayo faida yake hupungua kila siku inayopita.

Kwa ugonjwa wa kawaida wa neva ya jicho, nafuu huanza ndani ya wiki 2 hadi 4. Maumivu yanayodumu zaidi ya wiki mbili, au uoni unaoendelea kushuka baada ya wiki mbili, unataka maelezo mengine.

Kope linacheza wiki nzima

*Kope la chini la jicho la kulia linacheza. Bibi anasema mgeni anakuja. Intaneti inasema MS.*

Kati ya bibi na intaneti, afadhali bibi. Kope kucheza peke yake ni msuli mdogo uliochokozwa na usingizi haba, chai na kahawa nyingi, au kukodolea simu, na huisha ndani ya siku au wiki chache. Nenda kwa daktari kama mchezo umeshuka hadi shavuni na mdomoni upande ule ule, kama jicho linafumbwa kwa nguvu bila kutaka, au kama unaona viwili.

Nipo kwenye dawa za kifua kikuu, rangi zinanichanganya

*Nipo Mombasa, mwezi wa tatu wa dawa za TB. Macho yote mawili yameanza ukungu, hayaumi, na nyekundu na kijani sizitofautishi vizuri. Nimesoma kuwa kupoteza rangi ni MS.*

Kwa MS kawaida huwa jicho moja, na linauma. Kwako ni yote mawili, bila maumivu, na uko kwenye dawa. Mtuhumiwa wa kwanza ni ethambutoli, ile herufi E katika RHZE, mchanganyiko wa dawa nne za TB. Nenda kliniki ya TB leo, usisubiri tarehe ya kuchukua dawa, na uwaambie neno "rangi". Hatari huongezeka dozi ikizidi miligramu 15 kwa kilo kwa siku, ikitumiwa muda mrefu, na kwa mwenye figo dhaifu kwa kuwa dawa hutoka kupitia figo; omba kreatinini ipimwe. Wao ndio watakaoitoa E na kuamua mbadala. Wewe usiache dawa zote, maana TB iliyoachwa nusu hurudi ikiwa sugu. Ethambutoli ikisimamishwa mapema, wengi hurudisha uoni kwa miezi. Ikicheleweshwa, baadhi hawarudishi.

Macho ya kaka yanatikisika yenyewe

*Kaka yangu, miaka 34, Mwanza, macho yake yanatikisika na anasema ukuta unayumba. Anatembea kama mlevi na hanywi. Ana kifafa, anatumia fenitoini. Daktari mmoja alitaja MS.*

Mtikisiko wa macho ni dalili ya zamani ya MS. Jean-Martin Charcot wa Paris, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1868, aliutaja pamoja na mkono kutetemeka unapofikia kitu na maneno kukatwakatwa. Lakini kwa kaka yako tuanzie kwenye kikopo cha dawa. Je, dozi iliongezwa karibuni? Fenitoini ina tabia ya ajabu: ini linafika mahali haliwezi kuisafisha haraka zaidi, na kuanzia hapo kuongeza hata miligramu 50 kunaweza kuipandisha damuni kupita kiasi. Dalili za mwanzo za kuzidi ni hizo hizo: macho kutikisika ukiangalia pembeni, kuyumba, usingizi. Kubadilishiwa kampuni ya kidonge, au kuongezewa dawa nyingine kama isoniazidi au flukonazoli, kunaleta matokeo yale yale. Ipimwe kiwango cha fenitoini kwenye damu. Kama kipimo hakipo, daktari apunguze kidogo na kuangalia siku chache. Asiache mwenyewe, kifafa kitamrudia kwa mfululizo.

Kama ni mnywaji wa siri, au ametapika kwa wiki nyingi na hali chakula, macho yasiyokwenda vizuri pamoja na kuyumba na kuchanganyikiwa ni upungufu wa vitamini B1. Hiyo ni dharura. Tiamini ya mshipani itangulie dripu ya glukozi au iende nayo; glukozi ikitangulia peke yake inaweza kumaliza tiamini kidogo iliyobaki.

Yote hayo yakiondolewa na MRI ikaonyesha makovu ya MS, mtikisiko una dawa zake. Gabapentini imejaribiwa hadi miligramu 1,200 kwa siku, ikianzwa kidogo na kupandishwa. Haiwafai wote, ila anayefaidika huweza kusoma tena.

Joto la mchana linanirudishia ugonjwa

*Naishi Muscat, nilithibitishwa MS miaka miwili iliyopita. Nikitembea mchana au nikioga maji ya moto naona viwili kwa nusu saa, kisha inapita. Kila mara nakwenda dharura. Ni shambulio jipya?*

La, kwa sababu inapita. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliieleza hali hii mwaka 1890. Uzi uliopoteza mayelini hupitisha amri kwa shida. Joto la mwili likipanda hata nusu ya nyuzi, amri inashindwa kupita kabisa, na ukipoa inapita tena. Hakuna kovu jipya linalotengenezwa. Shambulio jipya ni dalili inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi.

Kwa hiyo ukiona viwili, ingia kwenye kivuli au kiyoyozi, kunywa maji ya barafu taratibu, weka kitambaa kibichi shingoni. Yakipita ndani ya saa moja, andika tarehe uendelee na shughuli zako. Yasipopita, pima joto la mwili na mkojo kabla ya kukubali steroidi, kwa maana maambukizi ya mkojo yasiyouma ni kawaida kwa wenye MS na huamsha dalili zote za zamani. Oga maji ya uvuguvugu. Matembezi yafanye baada ya alfajiri.

Wakati unaona viwili usiendeshe gari. Kiziba jicho kinasaidia, ila badilisha jicho kila baada ya saa kadhaa. Ukifunga moja, uwezo wa kukadiria umbali unapotea na ngazi zinakuwa hatari. Prizimu, yaani kioo cha kupinda mwanga, ya kubandika kwenye miwani inamfaa mtu ambaye pengo kati ya picha mbili ni lile lile kila upande anaoangalia. Kwa INO mara nyingi haifai, kwa sababu pengo hubadilika kila ukigeuza macho.

Dawa ni za maisha, na mdogo wangu?

*Nairobi, miaka 29. MRI na maji ya mgongo vimethibitisha MS baada ya kuona viwili. Nimetajiwa dawa ambazo bima haigusi. Je, kuna inayowezekana? Na mdogo wangu wa kike atarithi?*

MS haiambukizi. Katika takwimu za nchi za Magharibi, ndugu wa tumbo moja ana hatari ya kama 2 hadi 3 kati ya 100; mdogo wako hahitaji MRI kama hana dalili.

Kuhusu dawa, anza mapema. Kila shambulio linaloachwa lipite bila kinga linaweza kubakiza kovu lisilofutika, hata kama macho yamerudi sawa. Mwezi wa saba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: glatirameri, kladribini na rituksimabu. Peleka habari hiyo kwa bima na kwa mfamasia wa hospitali. Rituksimabu ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi, kwa kuwa wodi za saratani huitumia kwa limfoma na zipo zinazofanana nayo za bei ya chini. Isitoshe, inafaa pia kwa NMO, basi hata kama utambuzi ungebadilika baadaye hutakuwa umemeza sumu.

Hupewa kwa dripu. Mara nyingi ni miligramu 1,000, pengine mara mbili kwa tofauti ya wiki mbili, kisha 500 hadi 1,000 kila miezi 6. Nusu saa kabla ya dripu hupewa paracetamoli, dawa ya mzio na methilprednisoloni miligramu 100. Dripu ya kwanza iende polepole, maana kuwashwa, baridi na presha kushuka hutokea zaidi siku hiyo. Chanjo zako zikamilike angalau wiki 4 kabla. Kama unapanga ujauzito, sema sasa ili dozi ipangwe kuuzunguka. Na kipimo cha homa ya ini B, cha virusi vyenyewe na cha kingamwili ya kiini chake, kifanyike kabla ya dozi ya kwanza. Virusi vilivyolala huamka chini ya dawa hii, na hapo ndipo watu wameharibikiwa ini kwa kuruka kipimo kimoja cha damu.